Mfasiri wa Picha za Alasiri

Nilikuwa mtu mzima, nina talaka moja na watoto wawili, nami bado sikujua kwamba katika picha za televisheni wendawazimu huua watu. Ulimwengu mzima ulikuwa ukijua. Ila sisi wanawake wa kichochoro kimoja cha Mkomani, mjini Amu, ambao kila baada ya swala ya alasiri tulipanda ngazi za nyumba ile ile kwenda kutazama mchezo, hatukujua, kwa sababu tulikuwa na mfasiri, na mfasiri wetu hakutuambia.

Jina alikuwa nalo, tena zuri, la wazee, lakini hakuna aliyelitumia. Tulimwita Mfasiri. Hata mumewe alimwita hivyo kabla hajafariki, mwanzo kwa mzaha, kisha kwa mazoea. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na alipenda kuketi kwenye mkeka ubavuni mwa televisheni, mgongo ukutani, rimoti mkononi. Rimoti ile ilivishwa mfuko wa nailoni ukafungwa kwa mpira, isiliwe na chumvi ya hewa yetu, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Mchezo ukianza alitukagua kwanza, nani yupo na nani hayupo, halafu akaingia kazini. Mhindi wa kwenye picha akisema neno moja, yeye alisema kumi. Mama mkwe alimpa sauti ya puani. Mwanamume mwovu alimpa sauti ya karani mmoja wa mjini tuliyemjua sote, nasi tukacheka mpaka tukashika mbavu. Wapenzi wakikaribiana kupita kiasi alikohoa, akasema, "Hapa waamkiana," na mambo yakaendelea.

Kihindi alikijua kweli, kiasi chake. Utotoni alikuwa akicheza na binti wa muuza vitambaa wa Kihindi katika njia kuu, na baada ya hapo alitazama picha za Kihindi tangu enzi za kanda. Lakini dikoda zilipoingia mtaani zilileta michezo ya Waturuki, ya Wafilipino, ya Wakorea, naye aliifasiri yote bila kusita. Siku moja nikamuuliza Kikorea alijifunzia wapi.

"Mtu akilia wataka kamusi?" akanijibu. "Yule mama, mwanawe mekwenda asirudi. Huoni mato yake?"

Na kweli, baada ya siku chache mwana akarudi, mama akazimia kwa furaha. Sijui alijuaje. Nadhani michezo yote ya dunia hii ina mama mmoja na mwana mmoja, waliobaki ni majirani.

Huwezi kumweleza Mfasiri bila kumweleza Rukia, mwanawe wa pekee. Rukia aliketi dirishani, pale upepo unapoingia, na kikapu cha kofia mbele yake. Sote tulikuwa na vikapu. Tulishona kofia za wanaume, zile za kutoboa kitambaa kitundu kwa kitundu na kuzungushia uzi, maana mwanamke wa Amu hatazami mchezo mikono mitupu, ataonekana mvivu. Rukia alikuwa msichana wa chuo cha ualimu huko Mombasa maradhi yalipomwanza. Alirudi nyumbani likizo, na likizo ile haikuisha. Alikuwa hali, halali, anasikia watu wakimtukana kutoka ndani ya kuta. Asubuhi moja alitoka akafika gatini bila buibui, akilia, akiwaomba mabaharia wamvushe, na hakuweza kusema avushwe kwenda wapi. Wanawake wa mtaa ndio waliomfunika leso na kumrudisha.

Niliyoyaona mimi ni ya baadaye, wakati alipokuwa akipata dawa, tembe na sindano ya kila mwezi. Dawa ilizinyamazisha zile kuta, lakini ilimnenepesha na kumtia usingizi, na mkono wake ukawa unatetemeka. Kofia moja ilimchukua msimu mzima. Akiimaliza, wanaume waliigombania, kwa sababu mtu anayeshona polepole hivyo hakosei hata tundu moja.

Mfasiri alikuwa na haja moja tu duniani, na haikuwa siri: mwanawe aketi pale dirishani, kati ya watu. Sote tulijua nyumba ambamo mgonjwa wa namna hii yuko nyuma ya pazia, sahani yake inasukumwa mlangoni, na wageni wakiuliza wanaambiwa kasafiri. Mfasiri aliapa kwamba mwanawe hatasafiri. Kwa hiyo alinunua televisheni kubwa kuliko zote mtaani, akapika kaimati, akatuita. Mimi nilidhani anapenda michezo. Anapenda kweli, lakini alitutaka sisi zaidi.

Sasa, katika picha wendawazimu hawakosi. Mtunzi akiishiwa na maneno humwita mwendawazimu mmoja aje amsaidie. Na Rukia alikuwa hapo hapo, anatazama. Ndipo ufasiri wa yule mama ulipoanza kupinda. Mwanamke wa Kihindi aliyefungiwa chumba cha juu, akikwaruza mlango na kucheka peke yake, tuliambiwa ameweka nadhiri ya kutotoka mpaka mumewe arudi safari. Tulimsifu sana mwanamke yule kwa subira yake. Mturuki aliyekuwa akizungumza na kioo tuliambiwa anajifunza hotuba ya harusi. Kijana mmoja aliyechomoa kisu na kumfuata babake gizani, Mfasiri alisema, "Yuwenda kumkatia babake embe."

"Kisu kikubwa hicho, embe gani?" Bi Shamsa akauliza. Bi Shamsa ni jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwema ambaye mdomo wake hutangulia akili kwa hatua moja au mbili.

"Embe dodo," akasema Mfasiri, akabadilisha stesheni.

Ajabu ni kwamba mtu huyu huyu aliuchukia urongo kuliko kadhi. Katika arusi moja alipoulizwa pilau ikoje, na mama wa bwana arusi kasimama mbele yake anangoja sifa, alisema chumvi imezidi. Mazikoni watu walikuwa wakimsifu marehemu mmoja kwa ukarimu, na Mfasiri, akiulizwa naye aseme, akasema, "Mngu amrehemu. Mkono wake ulikuwa mzito kutoa," na mjane akaitikia amin, maana ndiye aliyejua zaidi. Mimi aliniambia usoni, mbele ya watu, kwamba mume aliyeniacha hakuwa mbaya, ila mimi nina ulimi. Nilinuna siku kadhaa. Hatimaye nikapanda kumtafuta, na kwa kuwa bado nilikuwa na hasira nikamrushia lake: mbona wewe msema kweli unatudanganya kila alasiri?

Hakukasirika. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Urongo wameanza wao," akasema. "Mimi naurudisha kwao tu. Wewe umeona wapi mwendawazimu kama wale? Wote nywele timutimu. Mwanangu nywele namsuka mimi kila Ijumaa. Wote wateka kwa-kwa-kwa kama fisi. Rukia mara ya mwisho kuteka kwa sauti ilikuwa wewe ulipoanguka ngazini."

Hapo alikuwa amefunguliwa, na akifunguliwa hakufungika. Picha za kizungu, alisema, huwafanya wagonjwa wawe na akili za ajabu, wanaua mtu na kumpigia polisi simu kumtania. Za Kihindi mtu huwa mzima, akagongwa kichwa akapoteza akili, kisha akagongwa tena akazipata. "Ningeyua dawa ni kugongwa kitwa, ningemgonga zamani, nisingesumbuka na foleni za hospitali." Za Afrika magharibi mwendawazimu hula taka sokoni kwa sababu alimwibia ndugu yake, na akiungama anapona palepale, tena anaoga. Na za kwetu Kenya zinamleta achekeshe watu, koti limeraruka, sufuria kichwani. Lakini hakuna picha hata moja, katika maisha yake yote ya kutazama, alipomwona mgonjwa amechoka. Hakuna aliyelala mchana kwa uzito wa dawa. Hakuna aliyeona haya kwa kunenepa.

"Na hakuna," akasema, "hakuna hata mmoya aliyekwenda kufuata dawa akaambiwa zimekwisha, rudi Jumatatu. Picha hiyo nataka kuiona. Mama yumeketi kwa benchi la hospitali na mwanawe, dawa hakuna, na kitwa cha mwanawe chaanza tena kujaa maneno. Iwe ndefu hiyo, isikatwe na matangazo."

Nilicheka, na naye akacheka, lakini mchele ulikuwa umemwagika mkekani na hakuuona.

Mtu asidhani alikuwa mmoja wa wale wanaodharau ya wazee. Rukia alipougua kwanza, alimwita shehe akasoma. Alimnywesha kombe, yale maandishi matukufu yanayoandikwa kwa zafarani sahanini na kuoshwa kwa maji ya waridi. Akampeleka kisiwani Pate kwa mzee mmoja aliyesifiwa, akakaa huko mwezi mzima, akarudi na binti aliyekonda na mbuzi mmoja pungufu. Ndipo akaenda hospitali. Kombe hakuliacha. "Dawa ya hospitali ni ya Mngu, na kombe ni la Mngu," alikuwa akisema. "Viwili hivyo havigombani. Wagombanao ni watu." Shehe mwenyewe alikubaliana naye, na mara nyingine alimkumbusha siku ya sindano.

Sista wa kliniki alikuwa msichana wa bara, Mkristo, mkubwa wa mwili na mwepesi wa kucheka. Yeye na Mfasiri walipatana kwa namna yao, kila mmoja akilalamikia Kiswahili cha mwenzake. Nilikuwapo siku moja alipokuwa akimpima Rukia.

"Mama, huyu dada yetu anaendelea poa sana," akasema. "Wengine hapa tukiwapa hizi dawa hawatoki nyumbani. Wewe unamfanyia nini huko?"

"Natazama naye mchezo," akasema Mfasiri.

Sista akadhani ni mzaha, akacheka, akaandika tarehe ya kurudi.

Nisije nikamfanya walii. Alikuwa na wivu wa ile rimoti kama mtu na mali ya urithi. Akikukasirikia, mhusika mbaya wa siku hiyo alipata sauti yako, nawe ukakaa hapo unajisikia ukiwatesa mayatima. Alipenda sifa za upishi wake mpaka ikawa dhiki. Ukila kaimati tatu aliuliza ya nne imekosa nini. Na Rukia mwenyewe alimchosha mara nyingine. Binti alitaka kwenda sokoni peke yake, mama akamtuma mtu amfuate kwa mbali, na binti akajua. Niliwasikia wakigombana juu ya hilo. "Wanilinda kama ng'ombe wa kafara," Rukia alisema, na mama akaanza kusaga iliki kwa nguvu.

Kisha ukaja mchezo wa Kiswahili.

Sina haja ya kutaja stesheni. Ilikuwa tamthilia ya nchi za mbali iliyotiwa sauti za Kiswahili, kila mtu akisema kwa lafudhi moja safi ya redio. Wenzangu walifurahi kupita kiasi. Kwa mara ya kwanza tulisikia wenyewe. Hatukumwambia Mfasiri kwamba hahitajiki, hatukuwa watovu wa adabu kiasi hicho, lakini alipofungua mdomo tulimwambia, "Ngoja kwanza tusikie," na baada ya siku chache hakufungua tena. Aliketi mahali pake na rimoti yake. Sikupenda kumwona vile.

Katika mchezo ule kulikuwa na dada wawili. Mkubwa alikuwa mwema. Mdogo, waigizaji wenyewe walimwita mwendawazimu kwa Kiswahili kilichonyooka, na hapakuwa na nadhiri wala embe dodo. Kila siku alizidi. Alificha mkasi chini ya mto. Alimwimbia mtoto wa dadake huku akimtazama kwa jicho bovu, na muziki ukapiga ule wa kukutia baridi. Mwishowe akaitia moto nyumba, mtoto akiwa ndani. Sote tulipiga yowe. Nilipogeuka nilimwona Rukia dirishani, sindano imesimama katikati ya tundu, anatazama moto ule bila kupepesa.

Siku ya pili yake Bi Shamsa alikuja na mjukuu wake mdogo, akamketisha upande wa mbali. Lakini baadaye mtoto akatambaa kuelekea dirishani, kama alivyozoea, maana Rukia alimchezesha siku zote kwa donge la nyuzi. Bi Shamsa akainuka haraka, akamnyakua, na akiwa pale pale, akaona mkasi mdogo ndani ya kikapu cha Rukia, ule wa kukatia uzi. Akauchukua. Akautia mfukoni mwake akarudi kuketi, na mchezo ukaendelea, na sisi tuliobaki tukatazama kofia zetu.

Rukia alimaliza kushona tundu lile. Alipofika mwisho wa uzi akautafuta mkasi kwa mkono, asiuone, akaelewa. Akaukata uzi kwa meno. Kisha akakunja kazi yake, akapanda juu chumbani kwake.

Hakushuka kesho yake, wala iliyofuata. Siku ya sindano ikafika, akakataa kwenda. Mfasiri aliniambia haya ngazini, akiwa ameshika ukuta.

"Yuwaniambia, mama, ikiwa mwisho wangu ni ule wa moto, sindano ni ya nini? Nipumzisheni." Akaushika ukuta kwa mkono wa pili. "Na zile sauti zaanza kurudi. Amesikia ukuta ukimwita."

Nilimpenda sana mama yule wakati huo.

Alasiri ile tulipanda kama kawaida. Mahali pa dirishani palikuwa patupu, kikapu kipo. Mfasiri alitumiminia chai ya tangawizi, akazungusha sahani, akahakikisha kila mtu ana chake. Mchezo ukaanza. Dada mdogo alikuwa amefungwa kamba kitandani, anapinda mwili, mdomo umejaa maneno. Mfasiri akainua rimoti akaondoa sauti.

Bi Shamsa akashtuka. "Mfasiri, mbona? Si wasema Kiswahili hawa!"

"Nasikia. Kiswahili chao sikiamini. Tulieni niwafasirie."

Na akaanza kutufasiria Kiswahili kwa Kiswahili. Sauti yake ilikuwa ya kila siku, wala si ya kulia. "Huyu msichana yuna maradhi," akasema, macho kwenye televisheni. "Yalimshika chuoni. Mamake hakuyua ni nini, akampeleka huku na huku, kisha akampeleka hospitali." Kwenye televisheni polisi mmoja akaingia kwa kishindo. "Huyu si polisi, ni mjomba wake, mekuya kumwangalia hali." Mtu mmoja akacheka, akaacha. "Akapata dawa. Zamtia usingizi, lakini akaweza kula, akaweza kuswali, akaweza kuketi na wenziwe. Aliketi nao miaka. Akishona. Miaka yote hiyo mkasi u kikapuni, na hakuna aliyekatwa ila uzi."

Hapo hakuna aliyekuwa akitazama televisheni tena.

"Kisha wenziwe wakaona picha moya," akasema, "wakamtwalia mkasi wake."

Akaiweka rimoti chini mkekani. Sikuwahi kumwona akiiachia mchezo ukiendelea. Akatugeukia.

"Yeo hii yuko juu. Dawa mekataa. Yuwaniuliza kama mwisho wake ni ule wa televisheni. Mimi nimefasiri umri wangu wote, lakini hili nikimwambia mimi haniamini, mimi ni mamake. Mjibuni nyinyi."

Nilisikia punda akilia nje kichochoroni, na mtu akimfokea. Bi Shamsa alikuwa ameinama, uso umemwiva. Kisha akainuka, akampa mwenzake mjukuu, akatoa mkasi mfukoni, akachukua na kofia yake mwenyewe aliyokuwa akishona, akapanda ngazi za juu. Tulisikia hodi yake. Tukasikia hodi tena. Chai ikapoa.

Watu wa kwetu wana njia zao za kuombana radhi, na mara nyingi neno lenyewe la radhi halimo. Bi Shamsa alikuja kunieleza baadaye alichosema, nami namwamini, kwa kuwa hana akili ya kubuni. Aliketi kitandani pa Rukia, akamwekea mkasi mkononi, akasema, "Uzi wangu umefungamana, mwanangu, na mato yangu hayaoni. Shuka unikatie." Rukia alimwuliza kama haogopi. Bi Shamsa akamjibu, "Naogopa. Nitazoea." Sijui kama sista wa kliniki angeliidhinisha jibu hilo, lakini ndilo lililomshusha.

Walishuka wote wawili. Rukia alikuwa amejitanda leso, uso umevimba kwa usingizi. Akaketi dirishani, akaichukua kofia ya Bi Shamsa, akakata fundo, na mkono ukitetemeka vile vile. Mjukuu akatambaa akamfikia. Bi Shamsa akakunja vidole vyake magotini, akavibana, akamwacha atambae. Nilikuwa karibu naye, nikaona.

Jumatatu yake tulikwenda kliniki wote, Rukia katikati, mabuibui yamejaa kibaraza chote, na sista akauliza kama kuna arusi. Dawa zilikuwapo siku hiyo, alhamdulillahi. Mchezo ule nao tuliumaliza bila sauti. Katika mwisho wetu dada mdogo alitibiwa akafungua duka la vitambaa. Nimeambiwa kwamba katika mwisho wa televisheni alikufa. Sikumwuliza mtu alikufaje.

Miaka imepita tangu hapo. Mimi nimehamia kijiji cha Shela kwa mwanangu, ambaye anafanya kazi katika nyumba ya wageni, na safari ya Mkomani imekuwa ya kupangwa. Mfasiri alipatwa na presha ya macho. Kila nilipokwenda nilimkuta anaona kidogo kuliko mara iliyotangulia, na kila mara alikana. Alisema taa za siku hizi ni mbovu.

Mara ya mwisho nilipanda ngazi zile baada ya alasiri, nikipapasa ukuta kama zamani. Chumba kilikuwa kile kile, wanawake wachache zaidi, Bi Shamsa mahali pake na kikapu chake. Mfasiri aliketi mkekani, mgongo ukutani, uso umeelekea dari. Alinijua kwa hatua. "Mwenye ulimi mekuya," akasema, akanishika mkono, hakuuachia. Ubavuni mwake, palipokuwa pake yeye, aliketi Rukia, ana mvi mbili tatu, rimoti mkononi ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa akimsimulia mamake yanayopita. Hakuwa na sauti za mzaha kama mama. Alisema polepole, neno moja moja, kama anavyoshona.

Niliketi nikatoa kofia yangu. Ilikuwa picha ya Afrika magharibi, na nikaona wapi inakwenda kabla haijafika. Soko. Mtu mwenye matambara, nywele timutimu, amechutama kwenye jaa. Watu wakamzunguka. Mmoja akaokota jiwe, kisha wengine wakaokota.

Rukia akanyamaza.

"Mbona kimya?" akauliza Mfasiri. "Kuna nini?"

"Kuna mtu, mama. Ameketi sokoni."

"Yuna nini?"

"Mgonjwa. Alikwenda kufuata dawa, akaambiwa zimekwisha."

"Ah." Mfasiri akasogeza kichwa. "Na watu?"

Kwenye televisheni mawe yalikuwa yakiruka, na yule mtu amejifunika kichwa kwa mikono. Rukia aliyatazama yote, hakugeuza uso.

"Watu wamemzunguka," akasema. "Wampa maji."

Mfasiri alikuwa kipofu wa macho tu. Masikio yake yalikuwa mazima, na yowe la soko lile lilijaa chumba kizima. Nilihisi mkono wake ukibana wangu.

"Mrongo wewe," akasema taratibu.

"Ee, mama."

Bi Shamsa hakuinua uso kutoka kwenye kofia yake. "Na mkate pia wampa," akasema. "Naona hapa."